Kwa Nyasuguta, Mkandaji wa Homa Bay: Neno Ambalo Sikukwambia

Ni mwaka mmoja sasa, Nyasuguta, tangu ulipoketi kitandani ukashika kifua, ukasema, "Baba Benta, pumzi," na baada ya hapo hukusema tena. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, tarehe ishirini na moja Agosti 1968. Mimi nilikuwa nje na randa mkononi.

Watoto wamenipa kazi ya kuandika kumbukumbu hii. Benta, ambaye ni mwalimu na hupenda mambo mafupi, alisema nusu ukurasa unatosha: jina, tarehe, sifa, majina ya ndugu, basi. Mzee wa kanisa anayesimamia jarida letu naye alisema vivyo hivyo. Nimewajibu kwamba fundi ndiye anayejua mbao yake ina urefu gani. Wanisamehe. Ninalo jambo la kukwambia ambalo haliingii katika nusu ukurasa, na nataka watu wote wa Homa Bay walisikie ninapokwambia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyojengea nyumba. Mimi Mjaluo wa kando ya ziwa, wewe Mkuria wa Kegonga. Tulipoonana mara ya kwanza hukujua Kijaluo hata neno moja, nami Kikuria nilijua kusalimu tu, tena vibaya. Kiswahili chetu tulikiokota sokoni. Benta aliporudi kutoka chuo cha ualimu alianza kutusahihisha wakati wa kula, ukamtazama ukamwambia, "Hii Kiswahili ndiyo ilikuzaa wewe. Iheshimu." Tangu siku ile hakutusahihisha tena, ila huwa namwona anauma midomo.

Unakumbuka nilivyokuja Kegonga. Nilikuwa kijana fundi, nimepewa kazi ya kuezeka darasa, na siku ya tatu nikaanguka kutoka kwenye paa. Bega hili la kulia likaenda upande wake na mimi upande wangu. Wakanipeleka kwa mama yako, aliyejulikana kwa kukanda watu. Mama yako akasema amechoka siku hiyo, akakuita wewe. Ukaja na kibuyu cha samli, ukakaa nyuma yangu, ukaligusa bega kwa vidole viwili tu. Nikapiga kelele ambayo watu wa sokoni waliisikia. Ukasema, "Nyamaza. Bado sijaanza."

Hadithi hiyo wewe ndiye uliyeieneza. Umeisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, hata mbele ya mchungaji. Watoto wetu waliijua kabla ya kujua kusoma. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikasirika kidogo kila ulipofika kwenye ile kelele, na leo ningekaa chini nikakusikiliza ukiisimulia toka mwanzo hadi mwisho.

Wazee wako hawakufurahi na wangu hawakufurahi. Kati ya Wajaluo na Wakuria yamepita mambo ya ng'ombe ambayo kila upande unayakumbuka kwa namna yake. Lakini ulikuja. Ulikuja na kibuyu cha samli mkononi, na mwezi haukuisha kabla kando yote ya ziwa haijajua kwamba kwa Fanuel seremala kuna Nyar Kuria, binti wa Wakuria, anayerudisha viungo mahali pake.

Nilikutengenezea benchi la mvule, fupi na pana, na ukaliweka chini ya dirisha. Juu ya benchi lile wamekaa wavuvi wa Takawiri waliotegua mabega kwa kuvuta nyavu, wachukuzi wa gatini wenye viuno vilivyokataa kunyooka, wasichana wa shule ya bweni kule Asumbi waliocheza mpira wakarudi kwa mguu mmoja. Wamekaa kina mama waliotoka kujifungua. Kila mmoja ulimwuliza kwanza alivyoumia, ukamsikiliza hadi mwisho, ndipo ukachovya vidole. Ulikuwa na sheria moja tu, na ulimfundisha Marcella, binti yetu wa mwisho, sheria hiyo hiyo tangu akiwa na miaka kumi: damu ikilala, iamshe, ipandishe juu. Anza chini, panda. Usishuke.

Uliwajua watu kwa mwendo wao kabla hujaona sura zao. Ungekuwa unachambua mboga mlangoni, umeinamisha kichwa, ukasema, "Yule anakuja, goti lake la kushoto bado halijapona." Nami nikiinua macho, kweli, mtu anachechemea. Ulikuwa mkali kwa wanaume waliokuja wamechelewa na mpole kwa wanawake waliokuja wamechelewa, na nilipokuuliza sababu ukasema mwanamke huchelewa kwa kazi na mwanamume huchelewa kwa kiburi. Hilo nalikumbuka leo kuliko zamani.

Kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, uliniita nikae kwenye benchi. Ulikanda bega lile lile la Kegonga. Miaka ishirini na minane, hadi ulipougua, sikumbuki Ijumaa uliyoiruka, isipokuwa zile tatu ulizojifungua. Ukimaliza ulikuwa unakunywa kikombe cha chai, ambayo kanisa letu linaikataza, ukiwa umegeukia ukutani, ukidhani sioni. Nilikuwa naona. Mzee wa kanisa akisoma hapa, amwachie marehemu chai yake.

Mwaka jana mwanzoni mwa Agosti yakaja yale mafua. Wengi mtayakumbuka. Hayakuwa mafua ya kupiga chafya na kunywa maji ya limau. Mtu alikuwa anaanguka leo, kesho hawezi kuinuka. Wewe ulikwenda nyumba hadi nyumba, ukiwachua wagonjwa vifua kwa samli ya moto. Nilikuambia, "Mama Benta, haya yanaambukiza." Ukanijibu, "Basi nani atawachua? Wewe na randa yako?"

Siku ya Jumamosi ukakataa chakula. Jumatatu homa ilikuwa kali hata nguo zako zilikuwa zinalowa. Ijumaa ulianza kupumua kwa shida, midomo ikageuka rangi, na mimi na mtoto wetu Elkanah tukakupeleka hospitali. Ulilazwa siku nane. Bwana Kerosi, yule msaidizi wa daktari ambaye wewe mwenyewe ulimkanda mgongo alipohamia hapa, alikuwa anakuja kitandani pako asubuhi na jioni. Alisema mafua yameingia mapafuni, pande zote mbili. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya wodi bila kujali ni nani ananiona. Siku ya sita homa ikashuka. Siku ya nane, Ijumaa, wakakuruhusu kurudi nyumbani.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Ulikuwa umeshatoka mlangoni, umemwegemea Marcella, mnakwenda polepole. Mimi nilibaki nyuma nikikusanya blanketi na sufuria. Bwana Kerosi akanishika mkono. Akaniambia maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mzee Fanuel, asilale tu. Kila siku atembeetembee, hata kama ni hapo nyumbani. Ametoka kwenye homa kubwa na amelala siku nyingi, na damu ya mguu inaweza kuganda. Mguu mmoja ukivimba, ukiwa na moto, ukiuma, msiukande. Hata kidogo. Mrudishe hapa siku hiyo hiyo. Nakuambia wewe kwa sababu huyu mama namjua."

Nami nikacheka, Nyasuguta. Nikamwambia, "Bwana Kerosi, unataka nikamfundishe samaki kuogelea?" Naye hakucheka. Akasema, "Mwambie tu." Nikasema nitakuambia.

Sikukuambia.

Nimejiuliza mwaka mzima kwa nini. Sababu ya kwanza ni upuuzi: niliona aibu kukuletea wewe, bingwa wa miguu, habari ya miguu. Nilikusikia tayari ukinijibu mbele ya watoto. Sababu ya pili ni kwamba nilifurahi kukuona umelala. Katika maisha yetu yote sikuwahi kukuona umelala baada ya jua kuchomoza. Kitanda kile nilikitengeneza kwa mikono yangu, na kwa mara ya kwanza ulikuwa unakitumia kama mtu mwenye haki yake. Ulipotaka kuinuka Jumapili ukaangalie kuku, nilikurudisha. "Pumzika," nikasema. "Kuku wana mimi." Nilifikiri huo ndio upendo. Na huo ulikuwa upendo, lakini pia ulikuwa kinyume kabisa cha nilichoambiwa.

Jumanne shavu la mguu wako wa kushoto likavimba. Ulilitazama kama ulivyotazama miguu ya watu wengine, ukalibonyeza, ukakunja uso. Ukasema, "Damu imelala. Marcella, leta samli." Husemwa mganga hajigangi, lakini wewe ulikuwa na mkono wa pili uliouzaa mwenyewe. Marcella akapiga magoti kando ya kitanda akakanda kama ulivyomfundisha, kutoka kisigino kwenda juu. Jioni ile ulisema umepata nafuu. Sisi wote tulilala vizuri.

Jumatano asubuhi mlianza tena. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, napiga randa mlango wa mtu. Nilisikia kila neno. Ulikuwa unamwambia Marcella, "Bonyeza. Usiogope. Mguu yangu si ya yai." Naye anasema, "Mama, iko na moto sana." Nawe unasema, "Ndiyo maana tunaipandisha."

Marcella aliposema neno moto, nilimkumbuka Bwana Kerosi. Nilisimamisha randa. Nilisimama pale na randa juu ya mbao, na maneno yake yote yakanirudia jinsi yalivyokuwa. Nilijua ninachopaswa kufanya: hatua sita hadi mlangoni. Kisha nikafikiri, nitaingia niseme nini? Kwamba nilipewa ujumbe Ijumaa na leo ni Jumatano? Nikajiambia, wao ndio wanajua kazi yao. Nikaendelea na randa.

Sijui ilipita muda gani. Mlango wa mtu ulikuwa karibu kulainika. Ndipo nikasikia kitanda kinalia, na wewe unaniita.

Siku tatu baada ya mazishi Bwana Kerosi alikuja kutupa pole. Tulikaa wote sebuleni. Akauliza kwa sauti ya chini kama mguu ulivimba. Nikasema, "Kidogo." Akauliza kama ulikandwa. Marcella ndiye aliyejibu, "Mimi nilikanda."

Akatueleza kwa upole. Alisema homa kali ya mapafu huifanya damu iwe nyepesi kuganda, na mtu akilala siku nyingi damu ya mguuni inakosa mwendo. Inafanya donge. Kipande kikikatika kinapanda na damu hadi moyoni, moyo unakisukuma mapafuni, nacho kinaziba njia. Marcella akamsikiliza, mikono ameiweka juu ya magoti. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Bwana Kerosi akasema, "Hapana, binti. Kingeweza kukatika akienda chooni. Kingeweza kukatika akigeuka usingizini. Hakuna mtu anayejua." Halafu akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda ambao mtu yeyote mwenye haya angeuelewa. Alikuwa ananiachia nafasi, Nyasuguta. Alikuwa na haki ya kusema, "Nilimwonya baba yako," naye hakusema, kwa heshima ya mvi zangu na ya msiba wetu. Nikainamisha kichwa kama mfiwa. Watu wakadhani nalia. Nilikuwa najificha.

Marcella alifunga kibuyu chako, akapanda juu ya kiti akakiweka juu ya kabati. Kikakaa huko. Watu waliendelea kuja, maana hawakujua ulivyokufa. Mvuvi wa Takawiri akaja na bega lake, amevuka ziwa kwa ajili yako, akasema kama mama hayupo basi binti atamsaidia. Marcella akamwambia, "Nenda hospitali, ndugu yangu. Hapa hakuna mkandaji." Akasimama mlangoni hadi mtu yule alipopotea gatini.

Baadaye watu wakajua, au wakajua nusu, na nusu ndiyo huwa mbaya. Sokoni wakaanza kusema, "Huyo ndiye alikanda mama yake mpaka akafa." Mwezi wa Aprili mwanamke mmoja aliyetoka kujifungua alikuja hadi kwenye ua wetu, na mama mkwe wake akamfuata mbio akamvuta mkono, akisema, "Yawa, si hapa. Huyu mikono yake iko na kitu." Marcella alikuwa anaanika nguo. Alisikia. Aliendelea kuanika nguo, moja baada ya nyingine, na nilimwona kupitia dirisha la karakana yangu. Hata wakati huo sikutoka.

Husemwa majuto ni mjukuu. Ninao wajukuu wawili kwa Benta, wanakuja likizo, wanakula, wanaondoka. Huyu wa tatu hajaondoka nyumbani mwaka mzima.

Mwezi uliopita watoto walikutana kupanga kumbukumbu hii. Benta akaleta karatasi na kalamu. Nikaandika jina lako, nikaandika tarehe, nikafika mahali pa kueleza ulivyoaga dunia. Benta aliniambia, "Andika tu, baada ya kuugua kwa muda mfupi." Nikainua macho, nikamwona Marcella ameketi kwenye benchi lako na mikono ameifunga ndani ya kanga, kama mtu anayesikia baridi mchana wa jua. Nikashindwa kuandika kuugua kwa muda mfupi.

Kesho yake nilimwita karakana. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa. Mlango wa hospitali. Samaki kuogelea. Hatua sita.

Akaniuliza, "Ulisikia nikisema iko na moto?"

"Nilisikia."

"Na ukakumbuka maneno ya Kerosi."

"Nilikumbuka."

"Na ukaendelea na randa, Baba."

"Nikaendelea."

Alikuwa ameshika beseni la maji. Aliliweka chini taratibu, bila kumwaga hata tone, akaondoka. Siku tisa hakusema nami. Chakula changu kilikuwa mezani kila siku kwa wakati wake, kimoto, kimefunikwa, na yeye hayupo. Mimi ni mtu wa maneno mengi, unajua. Sijawahi kula ugali mgumu namna ile.

Watu wachache niliowaeleza wamejaribu kunifariji. Kaka yako Wangwe alikuja kutoka Kegonga, nikamwambia. Nilitegemea anitukane na alikuwa na haki. Akasema, "Shemeji, hata ungemwambia, angekataa. Unamjua Nyasuguta." Labda. Nakujua. Ungenicheka, ungeniuliza nimesomea wapi udaktari. Lakini ungekataa ukiwa umeambiwa. Marcella naye angekuwa ameambiwa, na pale aliposema mguu una moto angesimama, maana mtoto yule anasikia kuliko sisi wawili. Uamuzi ulikuwa wenu, nami niliuweka mfukoni mwangu nikaendelea na randa.

Kwa hiyo nasema mbele ya kanisa, mbele ya soko la Homa Bay, na mbele ya yule mama mkwe aliyevuta mtu mkono katika ua wangu: Marcella alifanya alichofundishwa na mama yake, kwa kuombwa na mama yake, kwa upendo. Hakujua. Aliyejua ni mimi. Mwenye swali aje kwangu, niko karakana kila siku isipokuwa Sabato. Jina la binti yangu liacheni.

Na kama nyumbani kwako kuna mtu ametoka kwenye mafua ya kulaza kitandani, na mguu wake mmoja umevimba ukawa na moto, usilete samli. Mpeleke. Hata kama mgonjwa mwenyewe ni bingwa wa miguu, hata kama atakucheka. Acha akucheke njiani.

Sasa nikwambie kilichotokea Ijumaa iliyopita, halafu nikuache upumzike.

Katika zile siku tisa, kumbe Marcella alikwenda hospitali kumtafuta Bwana Kerosi. Alitaka kujua kama nimesema kweli. Akaambiwa ni kweli. Nilidhani hilo lingemfanya arudi na hasira zaidi, na huenda alirudi nayo. Lakini alikaa kule asubuhi nzima, akamwomba amwonyeshe: mguu upi wa kukanda, mguu upi wa kutoguswa, inafananaje, unauliza nini kwanza. Bwana Kerosi alinisimulia mwenyewe. Alisema binti yako anauliza maswali kuliko wanafunzi wake.

Ijumaa jioni nilikuwa nafagia maranda. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa, limebaki kama saa moja. Nikasikia kiti kinaburutwa ndani, kisha kabati linafunguliwa. Sikuthubutu kuingia. Marcella akatokea mlangoni na kibuyu chako mkononi.

"Baba, njoo ukae," akasema.

Nikaenda nikakaa kwenye benchi la mvule. Nilivua shati, nikampa mgongo. Hakugusa bega. Alizunguka mbele yangu akapiga magoti, akanipandisha suruali hadi magotini, akashika mashavu ya miguu yangu yote mawili kwa wakati mmoja, mkono mmoja huku, mkono mwingine kule. Akayapima.

"Umelala na homa siku hizi?"

"Hapana."

"Mguu unauma?"

"Mama, ni bega."

"Najua ni bega. Nimeuliza mguu."

Ilikuwa sauti yako. Nikajibu kwa adabu kwamba mguu hauumi. Ndipo akasimama, akapita nyuma yangu, nikasikia samli inapashwa kati ya viganja. Mwaka mzima mikono ile haikuwa imemgusa mtu. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Akatafuta mahali pale, chini kidogo ya mfupa, ambapo wewe peke yako ulipajua, akaweka vidole viwili.

Nikapiga kelele, Nyasuguta. Nadhani gatini walisikia.

"Nyamaza, Baba," akasema. "Bado sijaanza."

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Fanuel. Watoto wako Benta aliye Migori, Elkanah, na Marcella, mkandaji wa Homa Bay. Wajukuu wako wawili. Kaka yako Wangwe na jamaa wote wa Kegonga. Na wengi ambao wanatembea wima leo kwa sababu yako.

Daima tutakukumbuka, Nyar Kuria, na zaidi siku ya Ijumaa, kabla jua halijatua.